Adabu ya Maabara

Msomaji kijana, siku utakayoingia maabara ya kemia kwa mara ya kwanza, utaona karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na mlango. Karatasi hiyo ina masharti. Usionje kitu. Usikimbie. Usiguse chupa kabla ya kuamriwa. Vaa miwani ya kinga. Osha vyombo. Andika ulichokiona. Wanafunzi wengi huisoma kama mtu asomavyo tangazo la mnada uliokwisha pita: macho hupita juu ya maneno, lakini moyo hauko hapo. Hamu yao ni moto, moshi, na rangi zigeukazo ghafula. Masharti huyaona kama mzee mkali aliyeketi mlangoni kuwazuia watoto wasiingie arusini.

Nataka kukuonyesha kwamba mzee huyo si adui yako. Kila sharti lililo katika karatasi ile lina historia, na historia hiyo imeandikwa kwa macho yaliyopofuka, kwa mikono iliyoungua, na katika nchi yetu wenyewe, kwa makaburi. Ili uione vema, fuatana nami mpaka Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani zinazopakana kwenye Mto Athi.

Watu husema kwamba kemia ililetwa Ukambani na shule. Neno hilo si kweli. Kabla ya shule, wahunzi wa Kikamba walikusanya mchanga mweusi wenye chuma ulioachwa na maji ya mvua katika vijito, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Waliyoyatenda yamo katika kitabu chako cha kemia: hewa itokayo katika makaa huinyang'anya madini oksijeni iliyoshikamana na chuma, na chuma kikabaki peke yake. Mhunzi hakulijua jina la oksijeni, lakini alijua kiasi cha makaa, nguvu ya mvukuto na muda wa kungoja. Aliyefanya haraka alipata mavi ya chuma badala ya chuma.

Kulikuwa na kazi nyingine ya hatari zaidi. Mwaka 1849 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Kitui akakaribishwa na Kivoi, tajiri aliyepeleka misafara ya pembe za ndovu pwani. Pembe zile zilipatikanaje? Wawindaji wa Kikamba walimwangusha ndovu kwa mshale uliopakwa sumu, na sumu hiyo ilitokana na mti ambao Wakamba huuita kivai. Uwindaji umepigwa marufuku katika Kenya tangu mwaka 1977, wala sisimulii haya ili mtu ayaige. Nasimulia kwa sababu ya adabu waliyokuwa nayo watu wale. Sumu ilipikwa porini, mbali na nyumba na watoto. Ncha ya mshale iliyokwisha kupakwa ilifungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili sumu isikauke na ili mwenyewe asijikwaruze kwa ajali. Mnyama akianguka, nyama iliyozunguka jeraha ilikatwa ikatupwa, na iliyobaki ikaliwa. Watu hao hawakuwa na karatasi ukutani, lakini walikuwa na masharti matatu ambayo wewe nawe utaamriwa: fanya kazi ya hatari mahali pake, funika kilicho na sumu, na tenga kilichochafuka na kiliwacho.

Walioidharau adabu ya namna hii walikuwa wasomi. Daktari John Kirk alifuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na baadaye akakaa miaka mingi Unguja akiwa mwakilishi wa Uingereza. Huko Zambezi alipata sumu ya mishale iliyotokana na mmea ulio wa jamaa moja na kivai, akaichukua pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alionja uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Alipona, na kutokana na ajali hiyo wataalamu walianza kuichunguza dawa iliyotumika baadaye kuutibu moyo. Mwaka 1888 mtaalamu wa Kifaransa, Arnaud, naye akapata fuwele safi za sumu kutoka katika mti wa jamii ya kivai ulioletwa kutoka nchi ya Wasomali. Basi kitu kile kile ni mauti au ni dawa, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni kipimo. Lakini usidanganyike na bahati ya Kirk. Mtu mmoja aliyeonja akapona akawa mashuhuri. Hatuwezi kuwahesabu walioonja wasipone.

Mmoja wao alikuwa Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi, miongoni mwa wa kwanza kuitambua oksijeni. Alikuwa na desturi ya kunusa na kuonja vitu alivyovigundua, naye alikufa mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 43. Wengi husadiki kwamba sumu alizozizoea zilimfupishia maisha. Mfaransa Pierre Dulong alitengeneza kitu kilipukacho kwa urahisi, kikamnyang'anya jicho moja na kumuumiza mkono. Mwaka 1812 Mwingereza Humphry Davy, aliyeijua habari ya Dulong, alikijaribu kitu kile kile, vigae vya kioo vikamwingia machoni. Mjerumani Robert Bunsen, ambaye jina lake limo katika kichomi cha gesi utakachokiwasha mezani kwako, alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia chombo kilipopasuka mbele yake alipokuwa akichunguza vitu vyenye arseniki. Sasa tazama tena karatasi ya ukutani. Pale panaposema usionje, mfikiri Scheele. Pale panaposema vaa miwani, wafikiri Dulong, Davy na Bunsen. Watu hao watatu walikuwa hodari kuliko wewe na mimi, na uhodari wao haukuyakinga macho yao.

Zamani maabara ilikuwa chumba cha bwana mmoja na mtumishi wake. Mwaka 1824 kijana wa miaka 21, Justus von Liebig, alianza kufundisha katika mji wa Giessen, Ujerumani, akawaweka wanafunzi wenyewe mbele ya meza, kila mmoja na kazi yake na vyombo vyake. Toka hapo ikawa kawaida kwamba kemia haisomwi kwa masikio tu. Lakini mkono wa mwanafunzi ulipokaribishwa mezani, hatari nayo ilikaribishwa, na ndiyo maana masharti yalihama kutoka moyoni mwa bwana yakaandikwa ukutani kwa ajili ya wote.

Desturi hiyo ilifika Kitui na Makueni kwa taabu. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wazazi wa Ukambani walijenga shule za harambee kwa nguvu zao, wakifyatua matofali na kubeba mchanga na maji kwa ushirikiano wao wa kale uitwao mwethya. Walijenga madarasa kwanza, kwa kuwa darasa lataka kuta, paa na ubao. Maabara yataka mabomba, gesi, mizani, vioo na madawa ambayo huisha na kununuliwa tena. Shule nyingi ziliendelea miaka mingi bila ya maabara, na mwanafunzi aliijua tindikali kwa jina kama ajuavyo theluji. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na mtihani wake wa kwanza wa kumaliza sekondari ukafanywa mwaka 1989, mtahiniwa wa kemia alitakiwa atende kwa mikono yake. Hapo upungufu ulidhihirika.

Mwaka 1998 Serikali za Kenya na Japani zilianzisha mradi wa kuimarisha mafundisho ya hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wilaya 9 zilichaguliwa kwa mwanzo, na Makueni, iliyokuwa imetengwa na Machakos mwaka 1992 ikawa wilaya kamili, ilikuwa mojawapo. Walimu walifundishwa kumtoa mwanafunzi katika kunakili na kumtia katika kutenda, na kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu pale ambapo vya dukani havipatikani. Maji ya maua mekundu yaliyopondwa huweza kuonyesha tofauti ya ndimu na majivu. Chupa iliyokatwa huweza kuwa bilauri. Huo ni werevu wa kusifiwa, lakini unazo hatari zake, na hapa naomba usikilize kwa makini. Chupa ya soda hubaki na jina lake la zamani machoni pa mtu mwenye kiu. Ukitia tindikali ndani yake ukaiacha bila ya kibandiko, umetega mtego katika nchi ambayo mtoto anayetoka shambani saa nane mchana hunywa kwanza na kuuliza baadaye. Kwa hiyo kila chombo kiandikwe jina la kilichomo, hata kama kitakaa mezani dakika 5 tu. Na chupa ya kinywaji isitiwe dawa kamwe.

Ukame wa nchi hiyo unalipa uzito wa pekee hata sharti la maji. Katika mji wenye mabomba, mwanafunzi aliyemwagikiwa na tindikali hukimbilia bomba, akaacha maji yatiririke juu ya ngozi dakika nyingi mpaka ukali uishe. Katika sehemu nyingi za Kitui na Makueni mito hukauka, watu wakachimba mchanga wa mto kuyatafuta maji, wakayabeba kwa punda. Shuleni bomba laweza kuwapo na maji yasiwepo. Hapo hapana budi kuanza na mtungi au pipa. Kabla ya kufungua chupa yoyote kali, hakikisha maji yapo, yamejaa, na yako karibu. Siku isiyo na maji, siku hiyo hakuna tindikali kali. Kadhalika, utakapotakiwa kuipunguza tindikali nguvu, mimina tindikali kidogo kidogo katika maji mengi huku ukikoroga, wala usimimine maji katika tindikali. Tindikali kali ya salfa ikikutana na maji hutoa joto kubwa. Maji machache yakiangukia juu yake huchemka papo hapo na kuirusha tindikali usoni mwa aliyemimina. Maji mengi huimeza ghadhabu hiyo; maji machache huichochea.

Mambo mengine nitayapitia kwa haraka, kwa kuwa sababu zake sasa waweza kuzitambua mwenyewe. Funga nywele ndefu, na usivae nguo zenye mikono mipana karibu na moto. Usile wala usinywe maabarani. Ukitakiwa kunusa, usiinamie chombo. Pepea hewa yake kwa mkono ikujie kidogo. Unapochemsha kitu katika kineli cha kioo, usiuelekeze mdomo wake kwako wala kwa mwenzako. Pipeti ivutwe kwa kifaa chake cha mpira, ingawa zamani wengi waliivuta kwa mdomo. Dawa iliyokuzidi usiirudishe katika chupa yake, maana ukiirudisha na uchafu umewaharibia wote watakaokufuata. Jambo likikuharibikia, mwambie mwalimu mara moja. Aibu ya dakika moja si kitu mbele ya jeraha la maisha.

Pengine utasema, “Nimeelewa, masharti yote ni ya kuilinda ngozi yangu na macho yangu.” Hapana, msomaji. Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya kuulinda ukweli.

Chukua kazi ambayo kila mwanafunzi wa kemia huifanya, ya kupima nguvu ya tindikali kwa kuikutanisha na soda. Unavuta sentimita 25 za ujazo za soda kwa pipeti, ukazitia katika chupa ya koni pamoja na matone ya kionyeshi, kisha ukaiteremsha tindikali kutoka katika bureti mpaka rangi igeuke. Utaambiwa: suuza bureti kwa tindikali ile ile utakayoijaza. Kwa nini? Kwa sababu tone la maji lililobaki ndani litaipunguza nguvu tindikali yako, na hesabu yote itapotoka. Utaambiwa: liweke jicho lako sawa na uso wa maji, usome chini ya mbonyeo wake. Kwa nini? Kwa sababu jicho lililo juu husoma tarakimu isiyo sawa na lisomayo jicho lililo chini. Utaambiwa: teremsha tone moja moja unapokaribia mwisho, rudia mara 3, pata wastani wa majibu yaliyokubaliana. Na utaambiwa neno moja gumu kuliko yote: andika ulichokisoma, si ulichotamani kukisoma.

Neno hilo ni gumu kwa sababu ya mtihani. Mtahiniwa ana saa 2 na dakika 15, mkono unatetemeka, na majibu yake matatu yamekataa kupatana. Mnong'ono unapita mezani kwamba jibu la mwalimu ni kadha wa kadha. Ni rahisi kuandika tarakimu tatu nzuri zinazofanana na kupata alama. Nani atakayejua? Nani atakayedhurika?

Nitakujibu kwa historia ya Kitui na Makueni yenyewe. Mwaka 2004, baada ya mavuno yaliyopatwa na mvua isiyo ya wakati wake, watu wa wilaya hizo walihifadhi mahindi kabla hayajakauka sawasawa. Chakula kilikuwa haba, na wengine waliyaweka ndani ya nyumba walizolala. Katika unyevu ule ukungu uliota, nao ukatoa sumukuvu. Sumu hiyo ilikuwa imejulikana kwa wataalamu tangu maelfu ya bata mzinga walipokufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na Machakos ilikuwa imekwisha kupatwa na msiba kama huo mwaka 1981. Lakini mama anayepika ugali jioni hawezi kuiona, wala moto wa jikoni hauimalizi. Watu walianza kuugua. Macho yakageuka manjano, matumbo yakavimba, ini likashindwa kazi. Hadi Julai 2004 wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na katika hao 125 walikufa. Walio wengi walitoka Makueni na Kitui.

Nani aliyekijua kilichokuwa kikiwaua? Sampuli za mahindi zilichukuliwa majumbani na sokoni zikapelekwa maabara. Kiwango kilichokubaliwa Kenya kilikuwa sehemu 20 za sumukuvu katika sehemu bilioni 1 za chakula. Kifikiri kipimo hicho: ni kama gramu moja ya sumu iliyotawanywa katika magunia zaidi ya 550 ya kilo 90. Maabara zilitakiwa kuipata gramu hiyo. Na katika sampuli moja waliona sehemu 4,400, mara 220 ya kiwango. Yaani gramu ile moja imo katika magunia mawili na nusu. Hapo ilijulikana kwamba adui si maji wala homa ngeni, ni mahindi yaliyomo ghalani. Mahindi mabaya yakaanza kuondolewa, na chakula kingine kikaletwa.

Sasa fikiri, msomaji. Katika meza ya maabara ile, chupa moja isiyooshwa ingeyatia mahindi safi hatiani, na familia yenye njaa ingenyang'anywa chakula chake cha pekee. Kibandiko kimoja kilichobadilishwa kingeyatakasa mahindi yenye sumu, nayo yangerudi chunguni. Mpimaji mmoja aliyechoka, aliyezoea tangu shuleni kuandika tarakimu zinazofanana ili kazi iishe, angeweza kuandika 18 pale alipopaswa kurudia kipimo. Tarakimu hiyo isingelia wala isingetoa moshi. Ingekaa kimya katika daftari, na watu wangekula.

Ndipo nasema kwamba anayeosha kineli cha kioo katika kidato cha kwanza anajifunza kazi ile ile ya mpimaji wa mwaka 2004. Mikono haibadiliki siku ya hatari, hufanya ilichozoea. Aliyezoea kuandika jina la dawa juu ya chupa ataliandika hata akiwa na haraka. Aliyezoea kukiri kwamba majibu yake hayakupatana, akayaandika hivyo hivyo na kuanza upya, atafanya vivyo hivyo mbele ya gunia la mtu asiyemjua. Na aliyezoea kunakili atanakili.

Kitui na Makueni bado zawahitaji watu wa namna hiyo. Visima vingi vya Kitui vina maji ya chumvi, na hapana budi mtu ayapime kabla watu hawajaambiwa wanywe. Maembe ya Makueni husindikwa katika kiwanda cha Kalamba, na uchachu wa maji ya matunda nao hujulikana kwa kipimo. Kila msimu wa mavuno mahindi huingia ghalani, na ukungu haujasahau njia. Kazi hizo zote zamngoja mtu ambaye leo pengine ni mwanafunzi aliyesimama mlangoni mwa maabara, akitamani kuuona moto.

Basi siku hiyo itakapokujia, simama kidogo mbele ya karatasi ile ya ukutani. Isome polepole, neno kwa neno, kisha utazame kama pipa lina maji. Yakiwa yamo, vaa miwani yako, ingia.